Mkono wa Namba 147

Katika kijitabu cha madaktari kilichopigwa chapa Ulaya mwaka 1954 kuna mahali pameandikwa kwamba wanawake wazee wa Nambilanje wana damu iliyotulia, haisukumi mishipa kupita kiasi, wala haitofautiani na damu ya wanawake vijana wa huko huko. Ni kweli kabisa. Ilikuwa damu ya wanawake vijana wa huko huko. Mmoja wao ni mimi, Zaina, na mkono uliopimwa ni huu ninaoandikia.

Aliyenipima ni mume wangu, Adinani. Wanaomkumbuka wakija kunisalimu husema, "Mzee wako alikuwa na subira." Subira alikuwa nayo, tena ya kuchukiza. Nimechoka kusikia anasifiwa kwa upole wake, huku jambo moja la maana alilolifanya hakuna anayelitaja, na jambo moja la kijinga alilolifanya liko kwenye maktaba za watu.

Adinani alizaliwa Lionja. Mradi wa karanga ulipoingia Nachingwea, vijana wenzake walikimbilia matrekta. Yeye akaenda kufagia wodi ya wagonjwa. Kutoka ufagio alipewa bendeji za kufua, kutoka bendeji akafundishwa kusafisha vidonda, na baada ya miaka miwili alikuwa dresa mwenye kaptura nyeupe. Hiyo kaptura ilitaka pasi kila siku ya Mungu, na wa kuchochea makaa nilikuwa mimi.

Aliponioa mwaka 1949 alihamia kwetu Nambilanje, kama wanaume wote wanavyohamia kwa wake zao. Akajenga hatua arobaini kutoka nyumba ya mama yangu, Bi Mwanne, na serikali ikampa chumba kimoja cha udongo chenye paa la bati awe anatibu watu humo. Hapo ndipo shida yake ilipoanza. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkononi, na wakitaka kuambiana jambo hupitisha maneno kwa mtu wa tatu. Wala mkwe si mama yangu peke yake. Dada zake ni wakwe, binamu zake ni wakwe, na kila mwanamke wa ukoo wetu aliyelingana naye kwa umri ni mkwe vilevile. Adinani akiwaona njiani alikuwa anashuka kwenye baiskeli na kuingia nayo katika mihogo mpaka wapite. Nambilanje nzima ilikuwa imejaa wakwe zake. Alirudi nyumbani na vumbi la shamba kwenye kaptura niliyoipiga pasi asubuhi.

Mwaka 1951, mradi ulipokuwa unakata roho, alikuja daktari mmoja Mzungu aliyekuwa na shughuli yake mwenyewe. Watu walimwita Bwana Mapigo, maana alikuwa anakushika kifundo cha mkono kabla hata ya kukusalimu. Alisema kwao watu wazima wanaanguka ghafla na kufa kwa ugonjwa wa moyo, damu ikisukuma mishipa kwa nguvu mno, na alitaka kujua kama sisi tunaolima kwa jembe na kula ugali wa muhogo tunao ugonjwa huo. Akamchagua Adinani kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Akamwachia kisanduku cha mbao chenye kioo cha zebaki, mkanda wa kufunga mkononi, mpira wa kusikilizia, na kadi mia nne zenye namba. Kila nyumba apime kijana mmoja na mzee mmoja. Aandike umri, aandike kipimo.

Wazee wanaume hawakusumbua. Walikuja, wakakaa, wakafungwa mkanda, wakaomba dawa ya mgongo. Ila wazee wanawake, karibu wote, walikuwa wakwe.

Mtu mwingine angesema, Bwana Daktari, hawa siwezi kuwagusa, mlete mwenzangu. Adinani hakusema. Aliona haya kumweleza Mzungu habari za wakwe, na pia aliogopa kile kisanduku kisije kikahamishiwa kwa dresa wa Mtua. Akaniletea mimi mzigo huo. Nikaupeleka kwa mama, na mama akawaita wenzake, wakakaa barazani kwake wakipukuchua mbaazi tangu asubuhi hadi jua la utosi. Jibu nililopewa lilikuwa hivi:

"Anataka damu yetu? Damu yetu si mnayo ninyi? Nani mwingine aliwapa?"

Hakuna aliyebisha. Kwetu mtoto ni wa tumbo la mama. Jina la ukoo, shamba na damu, vyote vinatoka huko, na baba ni mtu aliyekuja na panga lake na kitanda. Kwa hiyo kila mzee akamtuma binti yake akakae kwenye kiti badala yake. Nilipompelekea Adinani jibu hilo aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kwani hata yeye alizaliwa na kulelewa hivyo. Hakuona kosa. Mimi pia sikuona, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, maana siwezi hata kumlaumu peke yake.

Nikakaa. Akaandika kwenye kadi: namba 147, Mwanne, mwanamke, miaka sitini. Akanifunga mkanda, akaminya kimpira, akasikiliza huku amefumba macho kama mtu anayesali. Mia moja na kumi na mbili, chini sabini. Hakutosheka na mara moja. Alirudia mara tatu, kwa uangalifu wote huo, kwenye mkono usio wenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na ningeweza kupandisha ndoo mbili za maji kutoka bondeni bila kupumzika. Kesho yake nikakaa tena kwa ajili ya mama mdogo Mwanabibi, aliyezaa wanaume watupu. Namba 151, mia moja na kumi.

Bwana Mapigo alikuja kuchukua kadi zake mwishoni mwa kiangazi. Akazipekua, akausifu mwandiko, akawapima upya watu kumi waliokuwa karibu, wote wanaume. Kabla ya kuondoka alimwona mama amekaa mlangoni kwake. Mama alikuwa na ndonya, kipande cha mti kilichopenyezwa kwenye mdomo wa juu, kama wanawake wengi wa rika lake, na daktari akavutiwa nayo. Akatoa kamera, akasimama hatua tano mbele yake, akampiga picha. Mkanda ulikuwa ndani ya gari, na mkono wa mama ulikuwa pale pale magotini kwake. Mradi ukafungwa, naye akarudi kwao. Kisanduku alikiacha kwa Adinani, zawadi.

Baada ya miaka mitatu posta ikaleta bahasha. Ndani mlikuwa na kijitabu chembamba, na ukurasa wa mwisho ulimshukuru Adinani kwa jina. Basi tukakosa raha. Alitembea nacho kwapani wiki nzima. Alimwonyesha imamu, akamwonyesha mpaka fundi wa baiskeli. Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma majina ya dawa tu, kwa hiyo hakujua kilichoandikwa ndani, na hakuonekana kuwa na haraka ya kujua.

Aliyemsomea ni mwalimu Eustakio, kijana wa misheni, ambaye alikuwa rafiki yake. Alikaa barazani kwetu Ijumaa moja baada ya sala, mimi nikiwa shambani, akatafsiri taratibu. Mishipa ya mtu, alisema, hukakamaa kadiri umri unavyosogea, na damu hulazimika kusukuma zaidi. Ndivyo ilivyo Ulaya. Lakini katika wanawake wa huku, kwa mujibu wa vipimo, hakuna kitu kama hicho. Huzeeka kwa nje, mishipa yao inabaki ya kisichana.

Adinani akauliza, "Kwani alitaka damu ya ukoo, au alitaka mkono wa mzee mwenyewe?"

"Damu ya ukoo ndiyo nini, bwana? Mshipa wa mtu ni wake. Alitaka mkono wa mwenye miaka hiyo."

Mume wangu akakifunga kijitabu, akakiweka chini ya godoro. Hakuniambia neno. Miezi miwili nilikuwa napika, nafua, nalala na mtu mwenye siri hiyo, nami nikidhani amekasirishwa na mchuzi.

Na miezi hiyo hiyo mama alikuwa mgonjwa. Kichwa kilimuuma kisogoni kila asubuhi. Miguu ilimvimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Akitoka kisimani alipumzika mara tatu njiani, na ikafika mahali hawezi kulala chali, analala amekaa, ameegemea ukuta, akivuta pumzi kwa shida. Nilimpeleka Nachingwea kwa lori. Hospitali alikopokelewa, sina haja ya kuitaja, walimtazama macho, wakasema safura, wakampa dawa ya minyoo. Tukarudi. Hakupata nafuu yoyote.

Mara ya pili nilikuwa nimeshakasirika kabla ya kufika. Nikamwambia daktari, kijana Mzungu aliyekuwa mgeni nchini, kupitia kwa mkalimani, "Mfunge ule mkanda wa mkononi. Mimi nimeuona ukifanya kazi. Mpime."

Daktari akajibu kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hasira zaidi. Mkalimani akasema, "Anasema ugonjwa huo hauko kwa wanawake wa upande wenu. Ulishachunguzwa, matokeo yako kitabuni."

Kisha akanyanyuka, akakichukua kijitabu kwenye rafu, akakifungua mahali penye picha, akatuonyesha ili tuamini. Ilikuwa picha ya mama. Alimwonyesha mama picha ya mama, kumthibitishia kwamba haumwi. Mama akaitazama ile ndonya kwenye karatasi, akanitazama mimi, akauliza kwa Kimwera kama dawa ya minyoo tunakunywa ile ile au wanatupa nyingine.

Nilifika nyumbani nikamweleza Adinani yote. Alikuwa anakunywa chai. Akakiweka kikombe chini, akaniambia aliyoyasikia kwa Eustakio. Maneno niliyomtolea jioni ile siyaandiki hapa, wajukuu watayasoma. Lakini nilipokwisha kumtukana nikabaki nautazama mkono wangu. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti. Daktari wa Nachingwea alikuwa anamwambia mama yangu kwamba ni mzima kwa kutumia uzima wangu mimi.

Nikasema, "Baba Shaban, kisanduku kiko wapi?"

"Kipo."

"Kesho unampima."

"Mama Shaban, yule ni mama mkwe."

"Yule ni mgonjwa."

Mama naye akagoma. "Mkwe wangu anishike mkono? Halafu nitamwangaliaje?"

"Mama, hata sasa humwangalii."

Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kilipotulia alikuwa amekubali. Nikachukua kaniki yake kuukuu, nikaitoboa tundu la kupitisha mkono, nikaitundika mlangoni. Yeye akakaa ndani, Adinani akapiga magoti nje kwenye mavumbi, kaptura nyeupe na yote. Mkono wa mama ukatokeza kwenye tundu. Ndiyo mara ya kwanza Adinani kuugusa, baada ya miaka sita ya kuishi hatua arobaini.

Akaminya kimpira. Zebaki ikapanda ikapita mia na hamsini, ikapita mia mbili, naye bado anasikia mapigo. Akaishusha, akaanza upya. Mara ya tatu akautoa mpira masikioni. Mia mbili na thelathini, chini mia na thelathini. Hakuwahi kuisoma namba hiyo kwa mtu yeyote.

Akaniambia, kwa kuwa hawezi kumwambia mwenyewe, "Mwambie mama anisamehe."

Nyuma ya kaniki mama akasema, "Mwambie, mkono ameshamaliza nao? Unakufa ganzi."

Alfajiri alifunga kisanduku nyuma ya baiskeli, akaondoka na matope ya masika. Ilimchukua siku mbili. Yaliyotokea Nachingwea niliambiwa na mkalimani yule yule baadaye, si na Adinani, maana yeye hata akifanya jambo zuri hasemi. Daktari alimwambia kisanduku chake kimeharibika. Adinani akamwomba ruhusa, akampima daktari mwenyewe kwa kisanduku hicho, kisha kwa kile cha hospitali, na vyote viwili vikatoa namba moja. Daktari akasema sawa, lakini kitabu kinasema vingine.

Hapo mume wangu alikuwa na njia ya kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Jina lake lilikuwa ukurasa wa mwisho wa kijitabu, ndiyo sifa pekee aliyowahi kupata duniani. Akasema, "Kitabu kina makosa, Bwana Daktari. Makosa ni yangu." Akaeleza habari za wakwe, za mabinti, za kiti. Mkalimani aliniambia daktari alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alimwita mwongo, akaahidi kuandika barua kwa wakubwa wake, na barua hiyo kweli iliandikwa, kwani tangu siku hiyo Adinani alikatazwa kuandika namba yoyote kwenye kitabu cha serikali, akaachiwa vidonda tu. Lakini pia daktari alitoa karatasi ya kumpokea mama.

Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, kisha lori. Walimchoma sindano za kutoa maji, wakampa vidonge vya moyo, wakamkataza chumvi. Baada ya mwezi alirudi akitembea kwa miguu yake, miguu myembamba niliyokuwa nimeisahau. Alilala chali. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaanza ugomvi mpya, maana bibi huyu hakukubali mboga bila chumvi. Nilikuta ng'onda amewaficha ndani ya chungu cha unga. Nilipomuuliza alisema samaki hao ni wa zamani, wameshapungua chumvi.

Adinani naye hakutulia. Aliibeba ile kaniki ya mama, akaenda nayo nyumba kwa nyumba. Kila mzee aliyewahi kutuma binti alikaa nyuma yake na kutoa mkono. Bi Mwanabibi alimfanya arudi mara nne, kila mara ana udhuru mpya. Ilimchukua miezi minane, baada ya kazi, na bila ruhusa ya mtu. Alipata wanawake hamsini na wanane, na kati yao ishirini na mmoja damu yao ilikuwa juu. Akaandika orodha safi, namba ya kadi ya zamani, kipimo cha zamani, kipimo kipya. Eustakio akaandika barua kwa Kiingereza, wakaituma Ulaya kwa Bwana Mapigo.

Mama alikufa tukiwa tunaokota korosho, mwaka 1956. Aliamka, akalalamikia kichwa, akaanguka upande mmoja, na saa ya adhuhuri alikuwa ameshatutoka. Alikuwa amepata mwaka mmoja na nusu aliokuwa hana. Wanaume walipokwenda kuzika, Adinani alikaa nyuma kabisa, kama mkwe anavyotakiwa, na nilimwona anafuta macho kwa kofia yake.

Jibu la Bwana Mapigo lilifika wiki moja baada ya arobaini. Eustakio alilisoma kwanza kimyakimya, akaomba maji, ndipo akatusomea. Daktari alishukuru sana kwa bidii ya Adinani. Alisikitika kwamba hataweza kubadili kitu. Vipimo vya mwaka 1951, alisema, vilichukuliwa kwa utaratibu, mpimaji akimwona uso kwa uso kila aliyempima. Hivi vya sasa vimechukuliwa nyuma ya kitambaa. Mpimaji atajuaje mkono ulikuwa wa nani?

Nilicheka, kicheko kibaya, mpaka Eustakio akaniomba nitulie. Nilitaka barua hiyo iende jikoni ikawashe moto. Adinani hakucheka wala hakukasirika. Alikwenda kukitoa kijitabu chini ya godoro, akachukua kalamu na rula, akafungua jedwali la nyuma ambalo halina majina, namba tupu. Yeye hakuhitaji majina, kadi zote aliziandika mwenyewe. Akaweka kidole kwenye 147. Akaikata 112 kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake 230, na pembeni akaandika tarehe tuliyomzika. Kisha akashuka kwenye 151, na wengine wote mpaka wa hamsini na nane. Mimi nilimshikia taa.

Kijitabu hicho ninacho mpaka leo, mchwa wamekula pembe moja. Wengine wote walio nacho wanasoma kwamba mama yangu alikuwa mzima.